Nafasi ya kusema kwa shilingi 8,000: tathmini ya meza ya Alhamisi jijini Mbeya

Katika eneo la Soweto, jijini Mbeya, upo mgahawa ambao kwa siku nyingi za wiki hautofautiani na mingine ya mji huu: wali wa Kyela, maharage, ndizi za Tukuyu, samaki wa Ziwa Nyasa wanapopatikana, na chai ya maziwa inayochemka tangu alfajiri. Siku ya Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, chumba chake cha nyuma hufungwa kwa wateja wa kawaida na viti vyake huuzwa kimoja kimoja. Kwa shilingi 8,000 mteja hupewa sahani ya chakula, kinywaji cha moto na kiti katika meza ndefu ya watu kumi na wanne, ambapo jambo moja hujadiliwa kwa saa mbili chini ya uongozi wa mama mmoja aliyestaafu ualimu wa sekondari, ambaye wote humwita Mwalimu, hata wale waliomzidi umri. Tangazo lililobandikwa kaunta linasema kwamba huduma hiyo ni ya "watu waliochoka kumung'unya maneno". Ninachokitathmini hapa ni huduma hiyo ya Alhamisi. Chakula nitakigusa pale tu kinapohusika na mazungumzo, ingawa niseme mapema kwamba maharage yao yanastahili sifa bila masharti yoyote.

Jina la mgahawa silitaji. Mama mwenye mgahawa ameniomba hivyo, kwa maelezo kwamba likisambaa watakuja watu wa aina mbili asiowahitaji: wanaotafuta jukwaa la kuhutubia, na wanaotafuta majina ya kuandika. Msomaji ana haki ya kucheka anapoona tathmini ya huduma ya kusema wazi ikianza kwa kuficha mahali inapotolewa, lakini mimi naliona ombi hilo kuwa la haki, na linaieleza hali yetu vizuri kuliko tangazo lake la kaunta. Aidha, kanuni ya meza yenyewe inaruhusu kutoa nje kilichosemwa na inakataza kumtambulisha aliyekisema. Ni kanuni ileile inayojulikana kwa jina la Chatham House ya London, iliyoanza kutumika mwaka 1927. Kwa hiyo kazi na makazi ya watu wanaotajwa hapa nimeyabadilisha, na hoja zao nimeziacha kama zilivyotolewa.

Mgeni anaweza kuuliza kwa nini mtu alipe fedha ili aseme anachofikiri, wakati Ibara ya 18 ya Katiba inampa uhuru huo bure. Mwenyeji wa Nyanda za Juu Kusini haulizi. Mbeya Mjini na Iringa Mjini ni majimbo yaliyokuwa na wabunge wa upinzani kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, kisha yakarudi kwa chama tawala, na kila mgeuko wa namna hiyo uliacha nyumba, misikiti, makanisa na vijiwe vikiwa vimegawanyika kwa namna ambayo haifutiki kwa kutangazwa matokeo. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, na askari mmoja wa polisi alitiwa hatiani kwa kifo hicho mwaka 2016. Mbunge wa Mbeya Mjini wa wakati huo, Joseph Mbilinyi, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano mwezi Februari 2018 kwa maneno ya jukwaani yaliyohesabiwa kuwa ya kumkashifu Rais, akatoka mwezi Mei mwaka huohuo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikarejea baada ya siku kadhaa, na yaliyotokea katika siku hizo kila mtu anayahadithia kwa sauti inayotegemea nani ameketi karibu naye.

Hayo ni mambo makubwa, na mtu anaweza kudhani kwamba ndiyo pekee yanayowafunga watu midomo. Kwa uzoefu wangu kinachofunga zaidi ni kidogo na kiko karibu. Anayesifu barabara mpya huitwa chawa kabla hajamaliza sentensi, na anayeuliza barabara hiyo imegharimu kiasi gani huitwa kibaraka wa mabeberu. Katika kundi la WhatsApp la ukoo, ambako zamani zilitumwa picha za harusi na taarifa za misiba, shangazi ameondoka kwa sababu ya mpwa, na waliobaki huandika "Amina" chini ya kila kitu ili wasihesabiwe upande wowote. Mtumishi wa umma hukaa kimya kwa sababu ya uhamisho, mfanyabiashara kwa sababu ya leseni, na mchungaji kwa sababu ya sadaka ya Jumapili ijayo. Funika kombe mwanaharamu apite, walisema wazee. Shida ni kwamba kombe limefunikwa muda mrefu mno na wengine tumesahau kilichokuwa ndani yake. Soko la huduma hii, basi, lipo.

Utaratibu wa jioni huanza mlangoni. Kila simu huzimwa na kuwekwa katika kapu la mkonge, na kapu hilo huwekwa juu ya kabati ambapo kila mtu analiona. Wateja wapya hulalamika, na mmoja aligeuza na kuondoka, lakini hatua hii haina mjadala, kwa kuwa kipande cha sekunde ishirini kilichokatwa kutoka katika mazungumzo ya saa mbili kinaweza kufika Tunduma kabla msemaji hajafika nyumbani, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imewafundisha watu kuogopa hata sauti zao wenyewe. Baada ya simu hugawiwa vipande vya karatasi na kalamu za aina moja na rangi moja. Mwalimu husoma swali la jioni, na kila mtu huandika msimamo wake kwa sentensi mbili au tatu kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Karatasi hukusanywa, huchanganywa, kisha Mwalimu huzisoma zote kwa sauti ileile, bila kutoa maoni.

Hatua hiyo ya karatasi ndiyo roho ya huduma yote, na ningekuwa mwenye mgahawa ningeitangaza hiyo badala ya habari za kumung'unya maneno. Sababu yake inajulikana tangu miaka ya 1950, pale mwanasaikolojia Solomon Asch, nchini Marekani, alipowaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye macho, lakini katika kila kundi ni mmoja tu aliyekuwa mgeni wa kweli. Wengine walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa pamoja. Takriban robo tatu ya wageni hao walikubaliana na uongo angalau mara moja. Sehemu ninayoiona kuwa na thamani zaidi ni ile isiyosimuliwa sana: alipowekwa mtu mmoja tu wa kutoa jibu sahihi kabla ya mgeni, kukubali uongo kulishuka kwa kiasi kikubwa sana. Mtu hahitaji umati ili aseme kweli. Anahitaji kujua kwamba hayuko peke yake. Karatasi zinazosomwa kabla ya mjadala humpa kila mmoja taarifa hiyo, kwamba mezani hapa kuna wengine watatu au wanne wanaofikiri kama yeye, na hajalazimika kuwatafuta kwa kuwatazama usoni.

Mwalimu ana njia yake ya kulithibitisha hilo kwa wageni, na ndiyo sehemu ya jioni iliyonifurahisha kuliko zote. Kabla ya swali lenyewe, kahawa ikiwa imeshanywewa, huwauliza watu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, wameionaje. Jioni ninayoielezea wote walisema nzuri. Mzee mmoja alisema nzuri sana, na dada mmoja aliyetoka Vwawa akaongeza kwamba inamkumbusha nyumbani. Kisha Mwalimu akagawa karatasi na kuuliza swali lilelile. Karatasi tisa kati ya kumi na nne zilisema kahawa ni mbaya; moja iliandika kwamba ni aibu, katika mji ambao Mbozi na mibuni yake iko jirani tu, kumnywesha mgeni kahawa ya kopo iliyopoa. Chumba kilicheka kwa muda mrefu, na mama mwenye mgahawa, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, alicheka pia, ingawa kicheko chake kilichelewa kidogo. Hakuna aliyekuwa ameogopa kufungwa kwa sababu ya kahawa. Watu tisa walikuwa wameficha maoni yao kwa adabu tu, kila mmoja akidhani kwamba mwenzake ameipenda kweli. Nimesoma maelezo mengi kuhusu namna jamii nzima inavyoweza kuonekana kukubaliana na jambo ambalo wengi hawalikubali, na hakuna yaliyonishika kama birika lile. Nasikitika kuripoti kwamba kahawa haijabadilishwa. Inaelekea sasa inahifadhiwa kwa ajili ya zoezi, na ninashauri mteja aagize chai ya Rungwe.

Swali la jioni hiyo lilihusu michango ya shule. Serikali ilianza kutekeleza elimu bila malipo mwezi Januari 2016, lakini mzazi yeyote anajua kwamba michango ya chakula cha mchana, ya mlinzi, ya mitihani ya majaribio na ya madawati haikufuata ada kwenda zake. Huamuliwa katika vikao vya wazazi kwa kuinua mikono, na kikao cha wazazi ni mahali pagumu kusema hapana, kwa kuwa mwenyekiti anaona mkono wako, mwalimu wa darasa anamjua mtoto wako, na jirani atasimulia sokoni kwamba umeshindwa shilingi elfu kumi. Karatasi ziligawanyika karibu nusu kwa nusu, jambo lililowashangaza waliozoea kuona mikono yote ikiwa juu.

Kanuni ya pili ilianza kufanya kazi hapo. Huruhusiwi kumpinga mtu mpaka urudie hoja yake kwa maneno yako, naye akiri kwamba umeipata. Kijana mmoja, dereva wa bajaji, alitaka kumjibu mzee aliyewahi kuwa mwenyekiti wa mtaa, na kwa hapa kwetu hilo peke yake lina uzito, kwa sababu aliyekuamkia shikamoo dakika kumi zilizopita haingii tu na kukwambia umekosea. Alianza vibaya, akasema, "Mzee wangu, kwa heshima zote, wewe unataka maskini walipe." Mzee akatikisa kichwa: "Hapana, mwanangu, hujanipata." Akajaribu tena, akakwama tena. Alipofanikiwa alisema hivi: "Mzee unasema kwamba mtoto mwenye njaa hasikii somo, na serikali haijaleta chakula, na sisi tukisubiri iletwe watoto hawa wanamaliza darasa la saba na njaa yao." Mzee akajibu, "Hapo umenipata. Sasa nipige." Kijana akampiga vizuri: alisema hakatai chakula, anachokataa ni kwamba hesabu ya mwaka jana haijasomwa hadi leo na kila anayeiuliza anaambiwa anapinga maendeleo. Mzee alinyamaza, kisha akasema kwamba katika miaka yake ya uenyekiti naye hakuwahi kuisoma hesabu hiyo, kwa sababu hakuna aliyemwomba.

Nimehudhuria makongamano ya gharama kubwa katika hoteli za Iringa na Dodoma na sikuwahi kusikia kauli ya namna ile. Nasisitiza hata hivyo kwamba haikuletwa na ujasiri wa mtu yeyote. Kijana hakuwa shujaa, na alikuwa anatetemeka. Ililetwa na kanuni iliyomlazimisha amsikilize mzee kwanza, ikampa mzee sababu ya kumsikiliza naye, na ikaitoa adabu yetu katika kazi ya kuzuia maneno na kuiweka katika kazi ya kuyabeba. Mzee yuleyule alitukumbusha baadaye ahadi ya mwanachama wa TANU aliyoiapa ujanani, "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko", na akaongeza kwa uchungu kidogo kwamba nusu ya pili ya ahadi hiyo imetumika miaka mingi kuiziba nusu ya kwanza, kwa kuwa kila kweli isiyopendeza iliitwa fitina.

Kanuni ya kurudia ina gharama, nayo ni muda. Saa mbili zilitosha watu sita tu kuzungumza kwa urefu. Wengine waliishia kwenye karatasi zao. Mbaya zaidi, wapo wanaoitumia kama kichaka cha kujifichia, wakikataa kila mara kwamba wameeleweka ili wasijibiwe. Mwalimu humvumilia mtu wa namna hiyo kupita kiasi. Kikomo cha majaribio matatu kingetosha.

Niongeze jambo dogo la pembeni. Mikoa ya Iringa na Ruvuma imekuwa na njia ya kuambiana ukweli tangu zamani, nayo ni utani. Mababu wa Wahehe na wa Wangoni walipigana vita vikali kuelekea mwisho wa karne ya 19, na wajukuu zao leo huweza kuambizana hata msibani maneno ambayo ndugu wa damu hathubutu kuyatamka. Jioni ile walikuwepo wawili wa pande hizo, na kila walipogongana mjadala ulisogea hatua tatu mbele kwa dakika moja, bila kanuni, bila karatasi, huku watu wakifuta machozi ya kicheko. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini asiwatafute watani makusudi na kuwaweka mezani. Alijibu kwamba utani unampa mtu ruhusa ya kusema, lakini unampa msikilizaji ruhusa ya kutochukulia kwa uzito, na kwamba yeye anataka la kwanza bila la pili. Sina hakika kama yuko sahihi katika hilo; wapo watani walioachisha watu ulevi.

Sasa nifike mahali ambapo huduma hii inashindwa. Siku moja swali lilihusu uchaguzi wa mwaka 2025 na yaliyoufuata. Karatasi ziligawiwa kama kawaida, watu wakainama kuandika, zikakusanywa. Mwalimu alianza kusoma. Ya kwanza ilikuwa na sentensi moja ya jumla kuhusu kuombea amani ya nchi. Ya pili ilikuwa tupu. Alisoma, "Tupu," akaiweka chini, akachukua nyingine. Zilikuwa tupu sita, na alizisoma zote hivyohivyo, kwa sauti ileile aliyosomea zenye maneno, bila kumtazama mtu na bila kutoa hotuba. Mtu yeyote aliyekuwa ndani alielewa kwamba ile ilikuwa taarifa kamili, na kwamba haikuhitaji maelezo.

Mama mwenye mgahawa ndiye aliyeharibu, tena kwa nia njema. Aliingia na kusema kwa sauti ya kuchangamsha, "Jamani, mnaogopa nini hapa ndani, hapa si kwenu?" Hapo ndipo tangazo la kaunta lilipoonekana kuwa na kasoro ya msingi. Linamchukulia mtu anayejizuia kusema kuwa ni mtu dhaifu anayehitaji kutiwa moyo. Mtumishi wa halmashauri mwenye watoto watatu anayeacha karatasi yake tupu si mtu dhaifu. Amepiga hesabu, na hesabu yake inaweza kuwa sahihi. Chumba cha nyuma cha mgahawa hakiwezi kumlinda. Mbeya ni jiji kwa hadhi, lakini katika meza ya watu kumi na wanne mmoja atakuwa binamu wa bosi wako na mwingine ni fundi aliyejenga jiko lako, na ahadi ya kutotaja majina ina nguvu kadiri ya mtu aliye dhaifu kuliko wote mezani. Mtafiti wa Kijerumani Elisabeth Noelle-Neumann alieleza mwaka 1974 jinsi watu wanavyopima upepo wa maoni kabla ya kusema, na jinsi ukimya wa hawa unavyowaongezea wengine ukimya. Maelezo yake yanahusu zaidi hofu ya kutengwa, na kwa mambo ya michango, dini na kahawa yanatosha kabisa. Kwa mambo ya dola kuna hofu nyingine, isiyotibika kwa kalamu za rangi moja, na anayeuza huduma kana kwamba inatibika anauza zaidi ya alicho nacho.

Mwalimu analijua hilo. Alibadilisha swali bila kulitangaza: badala ya kuuliza watu wanafikiri nini, aliuliza ni jambo gani ambalo wangependa jirani wa upande wa pili alijue kuhusu siku zile. Karatasi zilirudi zikiwa zimejaa. Wa kwanza aliandika kuhusu kumtafuta mdogo wake kwa siku mbili bila simu ya kufanya kazi, mwingine kuhusu duka la kaka yake lililoharibiwa, mwingine tena kuhusu kuvaa sare na kumwogopa kila mtu. Hakuna aliyesema nani alikosea. Yapo maswali ambayo watu hawawezi kuyajibu kwa sasa, na yapo mengine yaliyo karibu nayo ambayo wanaweza, na ustadi wa Mwalimu uko katika kuyajua haya ya pili. Alipoulizwa na mteja kwa nini huzisoma hata karatasi za wachache kwa uzito uleule, alimrejesha kwenye Tume ya Nyalali ya mwaka 1991, iliyokuta takriban watu wanane katika kila kumi wakitaka chama kimoja kiendelee, na bado ikapendekeza vyama vingi, vilivyoruhusiwa mwaka uliofuata. "Wale wawili walihesabiwa," alisema, "ndiyo maana leo tunaweza hata kubishana."

Kasoro nyingine ni za kawaida zaidi. Kuanza kwa wakati ni nadra, na nusu saa ya kwanza hupotea. Mwezi Juni na Julai chumba kile ni baridi kiasi cha kutosha kumfanya mtu akubaliane na lolote ili aondoke, na jiko moja la mkaa halitoshi, mbali na kwamba mkaa katika chumba kilichofungwa ni hatari na ninashauri madirisha ya juu yaachwe wazi hata kama watu watalalamika. Wazee wawili walihamia Kinyakyusa kila jambo lilipokuwa nyeti, na ingawa naelewa raha ya kusemea jambo gumu kwa lugha ya mama, walioketi karibu nao waliachwa nje. Wanawake walikuwa watano kati ya kumi na nne, na walizungumza chini ya sehemu yao. Karatasi zao, kwa mujibu wa Mwalimu, ndizo huwa kali zaidi, kwa hiyo tatizo liko katika mjadala wa mdomo, ambamo hukatizwa kama wanavyokatizwa kwingine kote. Anayekatiza huonywa kwa upole. Angetozwa.

Siwezi kupita kimya juu ya cheti. Mama mwenye mgahawa ameanza kuuza kile anachokiita mafunzo ya kusema wazi kwa vikundi na ofisi, kwa bei ya maelewano, na mwishoni kila mshiriki hupata cheti chenye muhuri. Nimekiona. Hakuna uhusiano wowote niwezao kuufikiria kati ya kuambiana ukweli na kupewa karatasi yenye nembo ya mwenge na vitabu viwili, na nimesikia kwamba katika ofisi moja iliyonunua mafunzo hayo mkuu wa kitengo alikaa ndani muda wote na karatasi zilikusanywa na katibu wake. Anayenunua huduma kwa masharti hayo apunguziwe fedha na kupewa chakula tu.

Kinachonifanya niipendekeze huduma hii licha ya hayo ni kilichotokea nje ya chumba. Mama mmoja anayeuza mitumba Mwanjelwa aliuchukua utaratibu wa karatasi na kuupeleka katika kikundi chake cha VICOBA, ambako kwa muda mrefu kila mwanachama alikuwa anajua kwamba mweka hazina huwakopesha ndugu zake kwanza, na kila mmoja akadhani kwamba wenzake hawajui au hawajali. Walipoandika na kusomewa, karatasi karibu zote zilisema jambo lilelile. Mweka hazina mwenyewe alikuwa ameandika kwamba ameshindwa kuwakatalia shemeji zake na angependa sheria ya kumsaidia kukataa. Walitunga sheria hiyo siku ileile, naye bado ni mweka hazina wao.

Kwa kamati ya shule, ya msikiti au ya kanisa, kwa kikundi cha akiba, na kwa familia inayoweza kukubaliana kuketi pamoja, fedha hizi zimetumika vizuri, na baada ya kuhudhuria mtu anaweza kuendesha utaratibu huu mwenyewe nyumbani bila kumlipa yeyote. Kwa anayetafuta mahali pa kusemea mambo ya dola kwa usalama, meza hii haina ulinzi wa kumpa na asiende akiutarajia. Bei ya shilingi 8,000 ni kubwa kwa dereva wa bajaji, na yule kijana wa jioni ya michango alilipiwa na mteja mwingine. Viti viwili au vitatu vya nusu bei kwa vijana vingeibadilisha meza kuliko tangazo lolote. Nafasi huwekwa kwa kupita mgahawani kabla ya Jumatano jioni, kwa kuwa hawapokei maombi kwa simu, na anayerudi Uyole au Mbalizi apange usafiri mapema, maana mjadala haukomi saa tatu kama ulivyoandikwa.